Maji ya Alfajiri

Barua ya tatu kutoka serikalini ilifika Jumatatu. Meneja wa maji wa mji wetu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena, kisha akanisukumia juu ya meza. Sikuwa na hamu nayo. Barua ya kwanza ilisema ramani yetu haina muhuri. Ya pili ilisema muhuri upo, ila ramani imepitwa na wakati. Miezi kumi na minne tulikuwa tunapigwa danadana, na katika umri wangu danadana zinaniumiza magoti.

Safari hii walikuwa wamefika kwenye kiini. Serikali ilianzisha mfuko wa kuisaidia miji kama wetu kujenga mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya ardhini, ili visima vichache vilivyobaki na maji matamu vipunguziwe mzigo. Tuliomba. Sasa walikuwa wanatujibu kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu wenyewe, maji yetu hayana chumvi ya kutosha. Hata hivyo, kabla ya kufunga faili, wangemtuma mkaguzi siku ya Alhamisi aje apime kwa kipimo chake.

"Hayana chumvi ya kutosha," meneja alisema. "Mimi nikioga natoka ngozi imepauka kama nimepakwa unga, halafu mtu amekaa ofisini huko ananiambia hayana chumvi ya kutosha. Mama Chupa, hizi namba ni za nani?"

Zilikuwa zangu. Namba zote za maji katika mji huu ni zangu. Kwa miaka ishirini na miwili nimezunguka na sanduku la chupa za sampuli begani, ndiyo maana hakuna anayekumbuka jina langu, na wapo watoto wa shule wanaoamini nauza soda. Nilimjibu kwamba ni zangu, akanitazama, nikatazama dirishani.

Mji wetu una visima saba vya pampu. Sita viko chini bondeni na maji yake yana chumvi. Ndiyo yanayokwenda majumbani. Cha saba kiko juu, nyuma ya hospitali, na ndicho pekee chenye maji matamu. Kisima cha Juu kinalisha hospitali na shule mbili, na wauza maji wote wa mikokoteni hujipanga hapo. Kinasukumwa saa kumi na nane kwa siku, bila huruma. Mwaka juzi nilipokipima nilipata miligramu mia tatu za chumvi kwa lita. Mwaka huu nimepata mia tano na sitini. Chumvi ya bondeni inakifuata chini kwa chini, na ikishaingia haitoki. Nimeandika ripoti kumi na moja kuhusu jambo hilo, na zote zimepokelewa kwa shukrani. Njia ilikuwa moja tu: mtambo uchuje maji ya bondeni, yanyweke, Kisima cha Juu kipumzike. Bila mtambo, kwa hesabu zangu, kilikuwa na miaka mitatu, tukijaliwa minne. Baada ya hapo hospitali ingewaosha watoto wachanga kwa maji ya chumvi na kuwawekea mama zao hayo hayo mezani.

Masharti ya mfuko yalitaka maji ya kuchujwa yazidi elfu moja na mia tano kwenye kipimo. Daftari langu lilisema elfu moja na mia moja, elfu moja na hamsini, elfu moja na mia mbili, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Ukilisoma utadhani tunaishi kando ya chemchemi.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Kisima cha bondeni kikilala usiku bila kusukumwa, chumvi, kwa kuwa ni nzito, hushuka. Maji ya kwanza ya alfajiri ni laini, unayanywa bila kukunja uso. Pampu ikishafanya kazi saa sita au saba, chumvi inavutwa juu, na mchana maji ya kisima kile kile hayatoi povu la sabuni hata ukisugua mpaka kucha ziume. Nilipoajiriwa, meneja wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alinifungulia kitabu cha kanuni akanionyesha mstari mmoja: kisima kikizidi elfu moja na mia tano, kifungwe. Kisha akakifunga kitabu.

"Tukivifunga vyote sita, watu watakunywa nini?" aliniuliza.

Nikatazama jalada la kile kitabu.

"Basi uwe unakuja alfajiri, kabla pampu haijawashwa. Na hii safu iliyoandikwa *Saa*, usihangaike nayo. Iache tu."

Nikaiacha. Sijawahi kuandika namba ya uongo hata siku moja. Kila namba kwenye daftari lile niliipima kwa mkono wangu, na huo mkono ulikuwa msafi. Niliandika ukweli wa alfajiri, ila sikusema kwamba ni wa alfajiri. Nimejitetea hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na utetezi wenyewe umechakaa kama kanga ya jikoni.

Mtu mwingine aliyejua ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwendesha pampu. Ana miaka hamsini na anajiona kijana. Yeye ndiye alikuwa akinisubiri bondeni kila mwisho wa mwezi, kidole kwenye swichi, akipiga miayo. "Shemeji, pima haraka kisima hakijaamka," alizoea kusema. Tulicheka. Mtu anazoea chochote.

Nyumbani ninaishi na mama mkwe wangu. Mume wangu alifariki mwaka wa tano sasa. Wengine walisema nirudi kwetu, mimi nikaona nitamwachia nani huyu mama. Ana presha ya kupanda. Miaka mitatu iliyopita daktari alimkataza chumvi, na tangu siku hiyo nyumba yetu haina amani saa ya kula.

"Haya maharage umeyapika au umeyatishia moto tu?" ataniuliza.

"Mama, daktari amekataza chumvi."

"Daktari huyo ana mama yake? Nenda kamuulize mama yake anakula nini."

Lakini chumvi ya sufuria niliiweza. Iliyonitisha ni ile ya bomba, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kiasi chake. Basi tangu alipokatazwa, kila jioni nilipitia nyuma ya hospitali. Shemeji alikuwa na ufunguo wa geti dogo, akinijazia dumu moja la lita ishirini la maji matamu, bila foleni, bila maneno. Nikalileta nyumbani, nikalifunika kwa kitambaa, nikamwambia mama: "Wewe unywe haya." Hakuuliza kwa nini. Nami sikueleza, maana ningeeleza nini?

Mambo mawili yalinishangaza. La kwanza, presha haikushuka. Kila tukienda kliniki daktari anatikisa kichwa, anabadilisha vidonge, ananiuliza mimi kama kweli chumvi tumeacha, nami naapa. La pili, dumu lilikuwa linaisha. Lita ishirini, bibi mmoja mwembamba kama ufito, na kila jioni nalikuta tupu limeegemezwa ukutani. Nilijua anafulia. Wazee wana ukaidi wao. Nilipomuuliza alisema, "Maji ni ya kutumia," na hapo upande wa pili wa ukuta mtoto wa kinyozi, jirani yetu, akaanza kulia kwa ile sauti yake ya king'ora, maongezi yakaishia hapo. Yule mtoto walimpata kwa shida. Mke wa kinyozi alipoteza mimba mbili, zote kwa presha, kabla ya huyu. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulalamikia kelele zake.

Jumanne meneja alifunga mlango wa ofisi yake, jambo asilolifanya kwa sababu bawaba zake zinapiga kelele. Si mtu mbaya. Aliletwa kwetu miaka miwili iliyopita na bado anaamini mambo yatanyooka. Aliweka mezani daftari jipya, bado na harufu ya duka.

"Mama, naomba usinielewe vibaya. Andika upya. Miaka mitatu tu ndiyo wanayotaka. Weka elfu moja na mia tisa, elfu mbili, changanya changanya. Maji si yana chumvi kweli? Hatumuibii mtu."

"Nimechoka, meneja."

"Wote tumechoka."

"Hapana. Mimi nimechoka na daftari. Sitaki kuandika jingine." Kisha nikamweleza habari ya alfajiri, yote, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mdomo wazi. Nilidhani atafoka. Alikaa chini taratibu, akafuta jasho la shingo.

"Kwa hiyo maji ya mchana yanafika ngapi?"

"Elfu moja na mia tisa. Kiangazi yanapita elfu mbili."

Nikamwona anapata nguvu, na kwa kweli nilimwonea wivu. Akamwita shemeji, wakapanga: Alhamisi pampu zote ziwashwe saa tisa za usiku, ili mkaguzi akija asubuhi akute chumvi imeshapanda. Hakuna daftari jipya, hakuna maswali, kipimo cha mkaguzi kitasema chenyewe. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote tunaificha chumvi," alisema, "sasa tunaiamsha saa tisa kuja kupokea mgeni." Nami nikakubali, shingo upande. Niliona mji utapata mtambo na mimi sitalazimika kusema kitu mbele ya mtu. Nilitaka sana kutosema kitu.

Jumatano saa mbili usiku umeme ulikatika mji mzima.

Alhamisi saa moja asubuhi ulikuwa haujarudi. Jenereta letu lipo, limefunikwa turubai, na halijaonja dizeli tangu uzinduzi. Visima vilikuwa vimelala karibu saa kumi na moja mfululizo. Kama kuna siku maji ya bondeni yamewahi kuwa matamu, ni siku ile. Na mkaguzi naye hakuchelewa hata dakika tano. Alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu kama ningekuwa naye, viatu vya kazi, begi la mgongoni, macho yenye usingizi wa safari. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikampeleka kwenye kibanda cha kisima namba tatu. Meneja alitembea nyuma yetu akitazama nyaya za umeme kama mtu anayesubiri mvua.

Mkaguzi alikuwa na kichota chake chembamba kilichofungwa kamba. Alikishusha, akakipandisha, akamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, akatumbukiza kipimo. Tulisubiri namba itulie.

"Mia tisa na arobaini," alisema. Akarudia mara mbili zaidi, kwa uangalifu, mtu wa kazi kabisa. Mia tisa na thelathini. Mia tisa na hamsini. Tukaenda namba tano, hali ikawa hiyo hiyo.

Akasema turudi kibandani ajaze fomu. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari langu juu ya magoti, akalinganisha na namba zake. "Kumbukumbu zenu ni nzuri," aliniambia, na alimaanisha. "Zinashabihiana na zangu. Mara nyingi nakuta watu wameongeza ili wapate fedha. Ninyi hamkuongeza. Samahani sana, lakini haya maji hayafikii kiwango. Nina mji mwingine mchana huu, inabidi niondoke saa tano."

Meneja alinitazama. Alikuwa ananiomba kwa macho, ila sikujua anaomba niseme au ninyamaze, na nadhani hata yeye hakujua. Shemeji alikuwa ameinamia bolti isiyohitaji kukazwa. Nilikiwaza Kisima cha Juu, ile mia tano na sitini. Niliwaza pia kwamba nimebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu nistaafu, na kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimemwaga unga wangu mwenyewe. Huo ndio ukweli, niliwaza yote mawili, na la pili nililiwaza kwa muda mrefu zaidi.

Mkaguzi ndiye aliyenisaidia bila kujua. Alikuwa anapekua kurasa kwa kidole, kikasimama. "Mama, mbona hii safu ya saa iko tupu? Kurasa zote?"

"Kwa sababu ni alfajiri," nilisema.

"Ipi ni alfajiri?"

"Zote. Kila namba unayoiona hapo. Kisima kikilala chumvi inashuka, na mimi nilikuwa nakuja kabla hakijaamka. Leo umepima kisima kilicholala tangu jana. Ukitaka kuyajua maji wanayokunywa watu, subiri umeme urudi, pampu ipige kazi mpaka mchana, halafu pima."

Alilifunga daftari taratibu. "Kwa nini mlifanya hivyo?"

"Ili visima visifungwe."

"Nani aliamua?"

Meneja alianza kusema kitu, nikamkatiza. "Wakati huo yeye alikuwa shule. Aliyeniambia ameshafariki, lakini hakunishika mkono. Miaka ishirini na miwili nilikuja mwenyewe kwa miguu yangu."

"Kwa hiyo ulijua maji yana chumvi, na ukaandika yako sawa."

"Nilijua."

Kibanda kile hakina dirisha. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, tukasikiliza mpaka likapotelea mbali. Mkaguzi hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka, kama mimi, na hilo lilinishinda kuliko hasira. Kisha akaniuliza swali ambalo sidhani alilipanga.

"Na wewe nyumbani, mama, unakunywa maji gani?"

Ningeweza kusema ya bomba. Kwa upande wangu mwenyewe ni kweli, chai yangu naichemsha kwa maji ya bomba. Lakini sicho alichouliza.

"Mama mkwe wangu ana presha," nilisema. "Namchukulia dumu Kisima cha Juu. Kila siku. Mwaka wa tatu."

"Kwenye foleni?"

"Kwa geti la nyuma."

Shemeji aliacha bolti. Uso ulinichoma, masikio yakanichoma, nikatamani sakafu ya kibanda ipasuke inimeze na sanduku langu la chupa. Mkaguzi alitoa simu, akapiga kule alikotarajiwa mchana, akawaambia hatafika.

Umeme ulirudi saa nne na nusu. Shemeji alipiga swichi kabla taa haijamaliza kupepesa. Tulikaa pale siku nzima, sisi wanne, kwa mkate na chai ya chupa aliyoleta meneja, na kila saa mkaguzi alipima, akaandika namba, akaandika na saa. Saa sita mchana, elfu moja na mia mbili na kumi. Saa nane, elfu moja na mia sita. Saa tisa, elfu moja na mia nane na thelathini. Saa kumi ilipogonga ilikuwa elfu moja na mia tisa na sitini. Meneja alikuwa karibu kushangilia, mtu anashangilia chumvi. Nami niliona namba zinapanda, na kwa kila moja nilikumbuka watu, maana mji huu naujua mlango kwa mlango.

Mkaguzi alinisindikiza mpaka barabarani. "Mtambo mtapata," alisema. "Nitasaini leo. Visima havitafungwa, mfuko unaruhusu viendelee wakati mtambo unajengwa, lakini kwa sharti kwamba watu waambiwe. Jumatatu vibao vitabandikwa kwenye kila bomba: wenye presha, wajawazito na watoto wachanga wasinywe." Akakaza mkanda wa begi lake. "Na barua kuhusu daftari nitaiandika pia, mama. Sina namna."

"Najua."

"Daftari kaa nalo leo, kesho utalikabidhi kwa meneja."

"Sawa, mwanangu," nilimwambia, na nikashangaa kwamba sikuwa na uchungu naye. Nilikuwa mwepesi, wepesi mbaya, wa mtu aliyetoka kutapika.

Sikupita nyuma ya hospitali. Shemeji aliniita, dumu lipo tayari, nikamwonyesha kwa mkono hapana, nikaendelea kutembea. Njiani niliwasalimia watu kama kawaida nao wakanisalimia. Walikuwa na siku tatu nne za kunisalimia hivyo.

Mama alikuwa sebuleni, vidonge vyake vya jioni mezani, kikombe cha bati mkononi. Dumu la jana liliegemea ukutani, tupu. Nilikaa chini bila kuvua viatu.

"Mama, leo sikuleta maji."

"Umeugua?"

"Hapana. Na sitaleta tena kwa njia ile. Tutapanga foleni kama watu wengine."

Nilimwambia yote, kwa sababu Jumatatu angesoma kibao, au angesomewa. Nilimwambia kuhusu alfajiri, safu ya saa na geti la nyuma. Aliniacha nimalize. Mama mkwe wangu si mtu wa kumwacha mwenzake amalize.

"Sasa mke wa kinyozi atafanyaje leo?" aliuliza.

Sikuelewa.

"Yale maji ni yake," alisema, kana kwamba nimeuliza kitu cha kipuuzi. "Tangu ile mimba ya tatu. Anachukua mchana, wewe uko kazini. Kwanza alikunywa yeye, sasa anampikia mtoto uji."

"Mama. Yale maji yalikuwa yako."

"Wewe unapima maji ya mji huu. Siku moja unaniletea dumu, umelifunika kitambaa, unaniambia ninywe hili, husemi kwa nini. Ulitaka nielewe nini? Nilijua ya bomba yana neno. Nikasikia binti wa watu analia upande wa pili wa ukuta, mimba mbili zimekwisha toka. Mimi nimeshazaa, nimeshazika. Nikampa." Alichukua kidonge. "Nilikuwa nangoja useme. Nikaona husemi, nikasema labda kazi yako haikuruhusu."

Miaka miwili. Kliniki, daktari anatikisa kichwa, mimi naapa. Nilimkazia macho mikono yake, ngozi imevimba vifundoni, nikataka kumgombeza na sikuwa na pa kuanzia. Nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto wa kinyozi, na mama aliniacha nilie, akanisogezea kanga yake nijifute.

Kisha akaweka kidonge ulimini na kuinua kile kikombe cha bati.

"Subiri," nilimwambia.

Nilikichukua mkononi mwake. Nikafungua sanduku langu, nikatoa kipimo, nikakisuuza kwa tone la maji safi kama nilivyofundishwa, nikakitumbukiza kikombeni. Mama alinitazama, kidonge kikiyeyuka mdomoni, uso umekunjamana kwa uchungu wake. Namba ilicheza ikatulia. Elfu moja na mia tisa na kumi.

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Kwenye safu ya mahali niliandika kikombe cha mama. Nikaandika namba. Nikatazama saa ya ukutani, ya marehemu mume wangu, inayochelewa dakika nne, nikaongeza hizo nne.

"Unaandika nini?" mama aliuliza.

"Saa," nilimwambia.